Safari ya Rudewa, na Bakuli la Matunda kwa Malai

Mara kwa mara akina mama na waalimu hutuuliza ni kitu gani kitamu kiwezacho kuandaliwa nyumbani siku jamaa wanapokusanyika, kisichotaka fedha nyingi wala jiko la mjini. Mwezi huu tunalo jibu, nasi tumelileta kutoka Rudewa katika wilaya ya Kilosa, tulikokwenda mwezi wa Januari kuhudhuria ubatizo wa mtoto wa ndugu yetu mmoja, mwalimu. Tulidhani tutaandika habari za chakula peke yake. Lakini chakula hutoka shambani na zizini, na watu wa shamba na watu wa zizi wana habari zao. Kwa hiyo twawaandikieni yote mawili.

Tulipanda treni Morogoro asubuhi. Wazee wetu waliiita gari la moshi, walakini hii mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, haitoi moshi hata kidogo, kwa maana yaenda kwa umeme. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, siku za Wadachi, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Na kabla ya reli njia hii ilikuwa njia ya miguu. Misafara ya pwani ilivuka mbuga ya Mkata, kisha ikafuata bonde la mto Mkondoa kwenda Ugogo. Stanley alipita huku mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, nayo mvua ya masika na matope ya Mkata vilimtesa sana yeye na wapagazi wake. Sisi tuliivuka mbuga ile tumeketi vitini, kikapu cha mananasi kati ya miguu yetu, wala viatu vyetu havikushika tope. Tukamshukuru Mungu, tukawakumbuka wapagazi wale ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni.

Mananasi yale tuliyanunua sokoni Morogoro. Huletwa kutoka milima ya Uluguru, kwa watu wa Kinole na Matombo, nayo husifiwa kwa utamu. Mama mmoja aliyeketi karibu nasi akasema, "Jamani, harufu hiyo itatufanya tushuke kabla ya kituo chetu." Tukacheka wote.

Tulishuka Kilosa. Mji huu umelala chini ya milima, na Mkondoa unapita kando yake. Mto huo hauna mzaha: mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 ulifurika, ukabomoa nyumba za watu wengi na kuharibu reli ya zamani. Kutoka Kilosa tukashika barabara iendayo Dumila, upande wa kaskazini. Tulipita Ilonga, mahali ambapo waalimu wengi wanapajua, kwa kuwa pana chuo cha ualimu, tena pana kituo cha utafiti wa kilimo kilichowapa wakulima wa nchi hii mbegu njema za mahindi. Mwendo wa kilomita 24 toka Kilosa ndio Rudewa.

Atakayefika Rudewa kwanza ataona katani. Mmea huu si wa asili ya Afrika. Uliletwa na Mdachi mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893, na katika miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai. Katika michache hiyo yalitoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, pamoja na haya ya Kilosa. Katani ilivuta watu wa mbali kuja kuikata, wengine wakazaa na kukaa. Kwa hiyo leo ukisimama sokoni Rudewa utasikia lugha nyingi. Wenyeji ni Wasagara na Wakaguru, nao wageni wa zamani wamekuwa wenyeji kwa wajukuu zao. Wapo pia Wamaasai na Wakwavi wafugao ng'ombe katika mbuga za wilaya hii. Wakulima wanataka ardhi yenye maji wapate kupanda. Wafugaji nao wanaitaka ardhi ile ile wakati wa kiangazi, kwa kuwa ndipo majani yanapobaki mabichi. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Tulifika kwa mwenyeji wetu jua likiwa limeanza kushuka. Nyumba yake ina miembe miwili mikubwa mbele, nayo ilikuwa imejaa hata matawi yameinama. Mama wa mwalimu, ambaye watu wote wa nyumba ile humwita Bibi, alikuwa ameketi mkekani akipepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na mananasi? Vema. Maembe yanatuoza hapa, watoto wameyachoka."

Wageni wa kesho yake walitazamiwa kuwa ishirini na watano. Wali, maharagwe na kuku vilikuwa tayari katika mpango. Mke wa mwalimu akatuambia kwamba baada ya chakula apenda kuwapa wageni matunda yaliyochanganywa na malai, kama alivyofundishwa zamani katika darasa la upishi. Malai ni ule utandu mzito, wenye mafuta, upandao juu ya maziwa yakitulia. Tukamwuliza, "Na maziwa mengi hivyo mtapata wapi?" Akasema, "Yanakuja."

Hata kabla ya magharibi akaja mama mmoja wa Kimaasai, amebeba madumu mawili ya maziwa, na binti yake wa miaka kama kumi anamfuata. Mke wa mwalimu akamkimbilia, "Karibu, yeyo, karibu sana," akampokea mzigo. Bibi akaacha kupepeta. Akaitazama ile sura muda kidogo, akaitikia salamu yake kwa sauti ndogo, kisha akarudia mchele wake. Hapakuwa na neno baya. Lakini tuliona kwamba uwanja mzima umenyamaza, hata kuku.

Usiku mwalimu akatueleza sababu. Wengi wenu mwakumbuka kwamba tarehe 8 Desemba 2000, katika ugomvi wa wafugaji na wakulima, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Ndugu yake Bibi, wa tumbo moja, alikuwa miongoni mwao. Tangu siku ile maziwa ya ng'ombe hayakuingia katika nyumba ya Bibi. Wakinywa chai, ni chai ya rangi. Mgonjwa akiambiwa anywe maziwa, walinunua ya unga dukani. Bibi hakumtukana mtu wala hakumlaani mtu. Aliufunga mlango tu.

"Basi nani aliufungua?" tukauliza.

Mwalimu akasema, "Dawati." Akatueleza. Binti yake mkubwa na binti wa yule mama wa Kimaasai husoma darasa moja, nao huketi dawati moja. Mke wa mwalimu alipojifungua huyu mtoto wa kubatizwa, yule binti wa Kimaasai akampasha mama yake habari, na mama akaleta dumu la maziwa, zawadi ya mzazi, kama ilivyo desturi yao. Alimkuta Bibi peke yake nyumbani. Akaliweka dumu kizingitini, akaenda zake. Dumu likakaa pale toka saa nne hata saa tisa. Mwalimu aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bibi jikoni, anayachemsha maziwa yale mwenyewe, anapuliza moto. Bibi akamwambia, "Kuyamwaga maziwa ya mzazi ni dhambi nyingine. Zilizopo zinatosha." Hakuongeza neno, nao hawakumwuliza.

Basi sasa tuwaandikieni jinsi bakuli lile lilivyotengenezwa, ili mwenye kutaka apate kujaribu.

Jambo la kwanza ni maziwa. Tulipokea lita 20. Maziwa mabichi yasitumiwe kamwe hivi hivi, hata yakiwa ya rafiki, kwa kuwa yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na tena homa ile ambayo waganga huiita bruselosi, nayo humsumbua mtu muda mrefu. Mke wa mwalimu aliyachemsha yote mpaka yakapanda, akayaacha yatokote kidogo, kisha akayamimina katika sufuria pana zilizo safi. Akazisimamisha sufuria katika beseni za maji ya mtungi, akazifunika kwa kitambaa chepesi kilicholowa. Kitambaa chenye maji kikipigwa na upepo hutia baridi, nayo ndiyo barafu ya nyumba isiyo na jokofu. Asubuhi mapema malai yalikuwa yamekaa juu kama ngozi nene. Akayaondoa taratibu kwa upawa, tukapata lita mbili hivi. Maziwa yaliyobaki hayakupotea. Mengine yakawa ya chai, na mengine yakagandishwa kuwa mtindi.

Ikiwa malai ni machache, chukua mtindi mzito, uufunge katika kitambaa safi, uutundike saa tatu au nne maji yake yadondoke. Utakaobaki kitambaani ni laini, nao wachanganyika vizuri na malai. Watu wengine huupenda zaidi, maana una ukali kidogo, na haukinaishi upesi.

Jambo la pili ni matunda. Kwa wageni ishirini na watano tulitumia maembe 10 yaliyoiva lakini hayajalegea, mananasi 2, ndizi mbivu 15, papai 1 kubwa, na ndimu 4. Maembe, ndizi na papai hukatwa vipande vidogo vya kulingana, kadiri ya ncha ya kidole gumba. Ndizi zikatwe mwisho, na mara moja zinyunyiziwe maji ya ndimu, zisije zikageuka rangi zikawa nyeusi.

Juu ya nanasi twataka kusema kwa mkazo, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuaibika. Mwaka mmoja, katika karamu ya arusi, tulitia nanasi bichi ndani ya malai tangu alfajiri. Hata wakati wa kula ulipofika, malai yalikuwa yameingia maji, nayo yamekuwa machungu kama dawa. Wageni wakatia kijiko kimoja, wakatutazama kwa huruma. Baadaye tulijifunza sababu: nanasi bichi lina asili ndani yake ivunjayo nyama na maziwa, nayo papai lina yake, hasa likiwa halijaiva vema. Ndiyo maana akina mama hufunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai ilainike. Asili hiyo huuawa na moto. Kwa hiyo nanasi likatwe, litiwe katika sufuria pamoja na sukari vijiko vitano vya chakula na maji kidogo, lichemke dakika kumi, kisha lipoe kabisa. Papai lililoiva halina haja ya kupikwa, lakini litiwe wakati wageni wanapoketi, si kabla.

Jambo la tatu ni kuchanganya. Malai yapigwe kwa mchapo wa kuni au kwa uma mpaka yawe mazito, bali yasipigwe mno, yasije yakawa siagi. Yatiwe sukari kidogo au asali. Maembe yakiwa matamu, sukari yaweza kuachwa kabisa. Kisha matunda yatiwe kwa mfuatano huu: maembe, nanasi lililopoa, ndizi, na mwisho papai. Geuza kwa mwiko polepole, kutoka chini kwenda juu, vipande visipondeke. Juu yake nyunyiza karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu nusu. Chakula hiki hakilali. Kitengenezwe siku hiyo hiyo, kikae kivulini chini ya kitambaa kilicholowa, kiliwe kabla saa mbili hazijapita. Kikibaki, kisiwekwe kwa kesho.

Mwenye kuishi mahali pengine asikate tamaa kwa kukosa tunda moja. Miezi ya katikati ya mwaka, maembe yakiwa hayapo, machungwa huwa mengi, nayo hufaa sana yakimenywa ngozi zake zote. Ndizi na papai hupatikana karibu mwaka mzima. Jambo kubwa ni maziwa kuchemshwa, nanasi kupikwa, na mikono kuwa safi.

Ubatizo ulikuwa asubuhi. Mtoto alilia maji yalipomgusa, kama walivyolia wengi kabla yake, na watu wakafurahi. Tuliporudi nyumbani mikeka ilikuwa imetandikwa chini ya miembe. Yule mama wa Kimaasai alikuwa amealikwa, naye alikuja na binti yake, amevaa shanga zake nzuri. Walakini hakukaa katikati. Aliketi karibu na ua, upande wa njia, kama mtu ambaye hajui kama atakaa sana. Na ndugu wengine waliotoka Mbuyuni waliketi upande wa pili, wakamtazama kwa pembe ya jicho. Mabinti wawili tu, wale wa dawati moja, ndio waliokwenda huku na huku bila kuona mpaka.

Wali ukaliwa. Bakuli likaletwa. Mke wa mwalimu akatwaa upawa, lakini Bibi akanyosha mkono, "Lete kwangu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba." Akampa kwanza mchungaji, kama ilivyo adabu. Wote tulidhani wa pili atakuwa kaka mkubwa wa mwalimu. Bibi akajaza bakuli la pili hata pomoni, akasimama kwa shida, maana magoti yamemchakaa, akatembea mpaka uani. Hakuna aliyethubutu kumwambia, "Lete nikupelekee."

Yule mama akalipokea kwa mikono miwili. Akalitazama, akacheka kwa haya. "Maziwa na maembe pamoja? Kwetu hatuchanganyi, Bibi."

Bibi akasema, "Hata sisi hatukuwa tukichanganya."

Yule mama akaonja. Akaonja tena. Bibi akabaki amesimama mbele yake mpaka bakuli likafika nusu, kisha akarudi mahali pake, akaendelea kuwagawia wengine. Mmoja wa wale ndugu wa Mbuyuni hakula. Aliweka bakuli lake chini, akatoka nje ya ua, naye Bibi hakumwita. Twaandika na hili pia, kwa kuwa lilikuwa, nasi hatukwenda Rudewa kuandika nusu ya habari.

Jioni, wageni walipokwisha kutawanyika, tulikaa na Bibi. Tulitamani kumwuliza, tukaona haya. Yeye mwenyewe akasema, "Mtu akiniuliza kama nimesahau, nitamwambia sijasahau. Jina la ndugu yangu nalitaja kila siku katika sala. Lakini huyu mama hakumwua. Naye ana watoto, naye analia kama mimi. Nikimfungia mlango yeye, nitakuwa nimemfungia nani?" Kisha akauliza kama katika sufuria kuna maziwa ya chai.

Wasomaji wapendwa, ugomvi wa mkulima na mfugaji ni wa kale sana. Katika kitabu cha Mwanzo ndugu wa kwanza wawili walikuwa mmoja mlima shamba na mmoja mchunga kondoo, nanyi mwajua mwisho wao. Lakini katika kitabu kile kile twamsoma Ibrahimu, mtu wa makundi, akiwapokea wageni asiowajua chini ya miti ya Mamre, akiwaandalia siagi na maziwa pamoja na mikate ya unga mzuri. Mazao ya zizi na mazao ya shamba yaliwekwa mbele ya wageni wale pamoja, chini ya mti, kama tulivyoona Rudewa.

Hatusemi kwamba bakuli la matunda litamaliza fitina za ardhi. Mipaka ya malisho na mashamba yataka kupimwa kwa haki, maji yataka kugawanywa kwa haki, na wenye mamlaka yawapasa kuwasikiliza wote wawili bila kupokea rushwa ya mmoja. Kazi hiyo haifanywi jikoni. Lakini hata mipaka ikiisha kupimwa, watu watabaki kuwa jirani, na ujirani hautengenezwi na mawe ya mipaka. Hutengenezwa na salamu, na dawati la shule, na dumu lisilomwagwa.

Kwa hiyo ninyi waalimu, angalieni jinsi mnavyowaketisha watoto. Nanyi akina mama, siku mtakapoandaa chakula hiki kwa ubatizo, au arusi, au Noeli, kumbukeni kuyauliza maziwa yametoka kwa nani, na kama huyo aliyeyaleta amealikwa kula. Sisi tuliondoka Rudewa asubuhi yake, kikapu chetu kimejaa maembe mahali pa mananasi. Tulipopita karibu na shule tuliwaona wale mabinti wawili njiani wanakwenda pamoja, mmoja ameshika chupa ndogo yenye mabaki ya malai, wanapokezana. Tukataka kuwakumbusha kwamba chakula kile hakilali, kisha tukawaacha. Mungu awalinde.